Umeme Unavyofika Kariakoo

Mtu apitaye Mtaa wa Kongo au Msimbazi wakati wa jioni huona taa zinawaka, huku cherehani zikilia na majokofu yakiunguruma. Ni wachache wajiulizao umeme huo umetoka wapi.

Umeme wa kwanza wa Dar es Salaam ulizalishwa mjini humo humo mwaka 1908, zama za Wajerumani. Mji ulipokua, ilibidi kuutafuta mbali, penye maji yaendayo kwa nguvu: Hale katika mto Pangani, mwaka 1964, kisha Kidatu katika mto Ruaha Mkuu, mwaka 1975. Siku hizi kituo kikubwa kuliko vyote ni Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo 9 ya jumla ya megawati 2,115.

Shida ni safari. Umeme upitao wayani huupasha waya moto, na joto hilo ni hasara tupu. Lakini msongo ukiongezwa mara 20, mkondo utoshao kwa kazi ile ile hupungua mara 20, na hasara hupungua mara 400. Ndiyo sababu umeme wa Kidatu husafiri kwa volti 220,000, na ule wa Rufiji hufika Chalinze, mwendo wa kilomita 160 hivi, kwa volti 400,000.

Umeme wa namna hiyo hauwezi kuingia dukani. Katika vituo vya kupoza, kama vile Ubungo na Ilala, msongo hushushwa hadi 132,000, kisha 33,000, halafu 11,000. Mwisho transfoma ya mtaani huufikisha volti 230.

Hapa pana mambo mawili ya kufikiri. Mwanakijiji aliyetoa shamba lake kuwa mkuza wa njia aweza kulala gizani huku umeme ukipita juu yake, kwa kuwa waya ule haufungwi nyumbani pasipo kituo cha kupoza. Anastahili fidia ya haki, na taa pia. Tena, bwawa lijapojaa, Kariakoo hukosa umeme ikiwa transfoma ya mtaa imezidiwa. Maana palipokuwa na nyumba ya chini sasa pana ghorofa.

Nasi wanafunzi tuna wajibu wetu. Mtu ang'oaye chuma cha mnara akauze chakavu hupata fedha kidogo, lakini mnara ukianguka, mji huingia gizani, na wagonjwa hospitalini pia. Tumwonapo, tusinyamaze.