Picha Mnato Zinavyogeuzwa Kuwa Video

Mbegu ya haragwe iliyowekwa kati ya ukuta wa chupa na karatasi yenye unyevu huota mbele ya macho ya wanafunzi, lakini hakuna anayeiona ikisogea. Mwendo wake ni wa polepole mno. Darasa likiipiga picha moja kila siku, saa 4 asubuhi, kwa muda wa siku 12, kompyuta yaweza kuziunganisha picha hizo na kuwa video ya dakika moja. Yafaa ieleweke jinsi kazi hiyo inavyofanyika, kwa kuwa video hiyo yaweza kuwa ushahidi wa kisayansi, au yaweza kumpotosha mtazamaji.

Fremu na marudio

Video ni mfululizo wa picha mnato ziitwazo fremu. Filamu za sinema kwa kawaida huonyeshwa kwa fremu 24 kila sekunde. Video nyingi hutumia 25 au 30. Tuseme kila picha ya haragwe itaonekana kwa sekunde 5, na video ina fremu 25 kwa sekunde. Programu hairefushi picha. Huirudia mara 125. Picha 12 hutoa fremu 1,500, yaani sekunde 60.

Hapo huzuka tatizo la nafasi. Fremu yenye upana wa nukta 1,920 na kimo cha nukta 1,080 ina nukta, au pikseli, 2,073,600. Kila nukta ikihifadhiwa kwa baiti 3 za rangi, fremu moja huhitaji zaidi ya megabaiti 6, na fremu 1,500 huhitaji zaidi ya megabaiti 9,300. Ili kuepuka mzigo huo, programu hubana taarifa. Huhifadhi fremu moja nzima, kisha kwa zinazofuata huandika tofauti tu. Pale ambapo fremu 124 zinafanana na ya kwanza, karibu hakuna tofauti ya kuandikwa. Ndiyo sababu video ya picha zilizotulia aghalabu huwa na faili dogo kuliko video ya mchezo wa mpira yenye urefu na ubora ule ule.

Umbo la picha

Kamera nyingi hutoa picha zenye uwiano wa 4 kwa 3, ilhali video nyingi ni za 16 kwa 9. Programu ikiivuta picha ili ijaze skrini, upana huongezeka kwa theluthi moja, na chembe ya mviringo huonekana kama yai. Ikikata juu na chini, robo ya kimo hupotea, pengine pamoja na ncha ya mzizi. Kwa kazi ya sayansi ni afadhali kuacha pande mbili nyeusi, kila moja yenye upana wa nukta 240, ili umbo libaki kama lilivyo.

Hatari ya mapambo

Programu nyingi huweza kuifanya picha moja ififie huku nyingine ikijitokeza. Mapambo hayo yakichukua sekunde moja, fremu 25 zitaonyesha picha mbili zilizolaliana. Mwanafunzi aweza kuona mashina mawili, kumbe mmea ni mmoja. Kamera haikupata kuona jambo hilo hata mara moja.

Kubwa zaidi ni suala la muda. Katika video hii, sekunde 5 ni sawa na siku moja. Ikiwa shule ilifungwa siku ya 6 na ya 7, na picha ya siku ya 5 ikafuatiwa mara moja na ya siku ya 8, shina lililopinda kama ndoana litaonekana limenyooka na kuinua kotiledoni zake kwa ghafla. Mtazamaji atadhani mmea uliruka hatua. Tiba yake ni rahisi: kila siku isiyo na picha iwekewe fremu tupu ya sekunde 5 yenye tarehe yake. Pengo likionekana, halidanganyi.

Kuanza kazi

Programu za kazi hii zipo nyingi. Windows Movie Maker, iliyotoka mwaka 2000, iliacha kusambazwa mwaka 2017. Lakini OpenShot, Shotcut na Kdenlive hupatikana bila malipo. Majina ya vitufe hutofautiana, kanuni ni zile zile: majina ya mafaili yaanze na namba 01, 02, 03, ili mpangilio usivurugike, kamera na taa visihamishwe, rula isimame kando ya chupa, na picha za asili zihifadhiwe, kwani kubana hupoteza baadhi ya taarifa.

Zoezi kwa wanafunzi: tengenezeni video mbili za mmea mmoja, moja yenye picha zote na nyingine iliyokosa siku mbili bila fremu tupu. Waonyesheni wenzenu wa darasa jingine, kisha waulizeni mmea ulikua kwa kasi zaidi siku gani. Majibu yakitofautiana, tafuteni sababu kabla ya kuulaumu mmea.