Fimbo Haiwahishi Daladala

Kila ninapozungumza na wazazi wa shule za msingi za Mbagala, Dar es Salaam, kuhusu ustawi wa watoto darasani, mkono wa kwanza kunyooshwa huuliza lile lile: "Sawa mtaalamu, lakini bila fimbo watanyooka vipi?" Kuanzia Kizuiani hadi Charambe, swali halibadiliki. Kisha hufuata ushahidi: "Mbona sisi tulichapwa na tumekuwa watu?"

Anayetoa ushahidi huo ni yule aliyebaki shuleni. Mwenzake aliyeikimbia fimbo darasa la nne, akaishia kuuza mifuko huko Rangi Tatu, hakualikwa kikaoni. Na huyo aliyebaki, muulize alichapwa kwa kosa gani. Jina la mwalimu atakutajia papo hapo; kosa kalisahau.

Sasa mchukue mtoto aliyesimama kituoni tangu alfajiri. Nauli yake ni shilingi 200, mtu mzima analipa zaidi ya mara mbili. Konda anapiga hesabu ya siti, anamzuia mlangoni: wanafunzi wawili tu! Mtoto anafika kengele imeshagongwa, anaunga foleni getini, anakula viboko vyake. Kesho hivyo hivyo. Naomba mzazi mmoja anieleze fimbo hiyo imenyoosha nini, maana konda hajaguswa.

Kitu kimoja imefanya, tena kwa uhakika: imemfundisha mtoto kukata tamaa. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, huko Marekani, waliwapiga mbwa shoti za umeme ambazo hawakuwa na namna ya kuziepuka. Baadaye wakawaweka mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi kungetosha kuwaokoa. Wengi hawakujaribu, walijilaza wakavumilia. Watafiti hao walifasiri kwamba mbwa walishajifunza kuwa wakifanya wasifanye, maumivu ni yale yale. Ndicho anachojifunza mtoto wa getini, halafu mwaka wa mitihani tunamwita mzembe. Seligman huyo huyo ndiye baadaye aliyeongoza kuasisi saikolojia chanya, mama wa hii elimu chanya inayotajwa kwenye semina. Shule inayobandika bango lake ukutani huku fimbo iko juu ya kabati imesoma kurasa za mwisho tu.

"Lakini sheria inaruhusu!" Wanaosema hivyo aghalabu hawajaisoma. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 kuhusu viboko shuleni zinataka kosa liwe kubwa, viboko visizidi vinne, mchapaji awe mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Kucharaza foleni nzima ya wachelewaji hakumo. Agosti 2018, Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano alifariki baada ya kupigwa shuleni. Nani bado anataka tujadili fimbo ya wastani?

Na wanaohofu kwamba bila viboko watoto watafeli, waangalie Luwero, Uganda, ambako shule 42 za msingi zilifanyiwa utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Nusu zilifundishwa nidhamu isiyo ya kupiga kwa miezi 18. Mwishoni, waliosema wamepigwa na watumishi wa shule ndani ya wiki moja walikuwa asilimia 31, dhidi ya 49 katika shule nyingine. Watoto wakajisikia salama zaidi. Alama za masomo? Hazikutofautiana. Viboko vyote vile vya ziada havikununua hata alama moja.

Ndiyo, darasa la Mbagala laweza kuwa na watoto zaidi ya mia, na wengine huingia zamu ya mchana. Fimbo haipunguzi idadi.

Basi, haraka haraka, ya kufanya badala ya fimbo. Mchelewaji aingie darasani, sababu iandikwe. Wakichelewa watatu kutoka kituo kimoja, kamati ya shule imfuate askari wa usalama barabarani. Kanuni za darasa zitungwe na watoto wenyewe, zisizidi tano. Sifa itaje kitendo: "umesoma mpaka mstari wa mwisho", si "hongera" ya jumla. Mgomvi atengwe kidogo, kisha arekebishe alichoharibu. Kudeki choo kusiwe adhabu. Asiyekula nyumbani ajulikane, uji uchangiwe. Aliyenyamaza ghafla apelekwe kwa mwalimu wa unasihi kabla hajaitwa mkaidi. Ukihisi anaumizwa nyumbani, mwone afisa ustawi wa jamii au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga, kwa hiyo namba iandikwe ubaoni.