Maji Ndani ya Bomba la Hewa

Fundi apakaye magari rangi pale Kiseke huweza kulipiga gari msasa siku nzima, akalipaka kwa uangalifu, na siku ya pili akaona vilengelenge vimetokea kama vya ngozi iliyoungua. Huilaumu rangi, pengine humlaumu aliyemwuzia. Lakini mara nyingi mwenye kosa ni maji, nayo yalipita katika mpira wa hewa.

Maji hayo yametoka wapi, na bomba halikuunganishwa na kisima wala mfereji? Yametoka hewani. Hewa ya nyuzi 25 iliyoshiba mvuke huchukua maji gramu 23 hivi katika kila meta moja ya ujazo. Na hapa kando ya ziwa hewa mara nyingi si kavu. Tuseme imechukua gramu 16. Kompresa ikizisonga meta 8 za hewa hiyo ziwe meta 1, gramu 128 zimekusanyika mahali pa 23 tu. Kwanza hewa hutoka na joto kali, na joto huushika mvuke. Lakini ikiisha kupoa, gramu 105 hazina budi kuwa maji.

Basi shauri lote ni kuchagua mahali pa kuipoza. Ipoe mapema, ndani ya tangi, isije ikapoa katika mpira wa fundi. Tangi liwe kivulini penye upepo. Bomba kuu literemke kufuata mwendo wa hewa, kadiri ya sentimeta 1 kwa kila meta, na mwisho wake liwe na koki ya kumwagia maji. Matawi yatoke mgongoni mwa bomba, si tumboni, maana maji hutambaa chini. (Wengi hutoboa tumboni kwa kuwa ni rahisi.) Kiwanda cha samaki, ambamo hewa yaweza kugusa chakula, chahitaji zaidi: vichujio, na mashine ya kuikausha hewa kwa kuipoza hata nyuzi 3 hivi.

Na kila jioni koki iliyo chini ya tangi ifunguliwe taratibu, hata maji yaishe. Maji yaliyoachwa hula chuma kwa ndani, jicho lisipofika. Rangi ya nje yang'aa, na chuma kimebaki chembamba. Tangi la namna hiyo likipasuka huua, wala valvu ya usalama haifai kitu, kwani hupasuka kwa nguvu ya hewa ile ile ya kila siku. Fundi akiona tone linavuja tumboni mwa tangi asithubutu kulichomelea. Aizime kompresa, aitoe hewa yote, na tangi likapimwe na mjuzi kabla halijatumiwa tena.