Tangi la choo halisafishi maji

Kila Oktoba maelfu ya Wakatoliki hupanda mlima kule Subukia, kaunti ya Nakuru, kwa siku ya sala ya kitaifa. Wengi hurudi na jerikeni za maji ya chemchemi. Wakitazama bonde lililo chini, huona pia nyumba mpya za mabati ya rangi, nyingi zikiwa zimejengwa na watu kama wewe, msomaji, unayefanya kazi mjini na ungependa wazazi wapumzike. Nyumba hizo huja na choo cha kuvuta maji. Mjini ukivuta, bomba la umma hubeba uchafu. Kijijini unazikwa uani.

Fundi atakuhakikishia kuwa tangi la choo, lile la septiki, "linasafisha". Si kweli. Kazi ya tangi ni kutulizia uchafu: mzito huzama, mafuta huelea, na maji ya katikati hutoka. Maji hayo yaweza kuonekana mepesi, lakini glasi moja yake ina mamilioni ya vijidudu, vikiwemo vya homa ya matumbo na kuhara ikiwa kuna mgonjwa nyumbani. Anayesafisha ni udongo ulio kando ya shimo la kufyonza, maji yanapopenya polepole na vijidudu kunaswa na kufa.

Basi udongo lazima uwe mkavu na mnene. Wataalamu hushauri sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, nalo shimo liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, kwenye upande wa chini wa mteremko. Mita 30 si amri ya mbinguni. Palipo na mwamba wenye nyufa, uchafu husafiri mbali zaidi. Pima mwishoni mwa masika, maji ya ardhini yanapopanda. Shimo lililochimbwa Januari hudanganya.

Na usipime kisima chako peke yake. Ploti ni ndogo, na shimo lako laweza kuwa juu ya kisima cha jirani. Tena Mto Waseges unaopita bonde hili huteremka kaskazini hadi Ziwa Bogoria, na njiani wako watu na mifugo wanaoutegemea. Kipindupindu kilichoanza Kiambu Oktoba 2022 kilienea kaunti nyingi na kuua watu wapatao 200. Hakikuulizia mipaka.

Maji yanayotoka tangini yasimwagiwe sukuma wiki wala nyanya, kwani mayai ya minyoo huishi udongoni miezi mingi, na mboga hizo huenda ukauziwa wewe mwenyewe sokoni. Migomba iliyopandwa kando ya shimo hunywa maji hayo bila hatari kubwa, mradi hayafiki juu ya ardhi.

Tangi nalo hujaa tope. Lisipozolewa kila miaka mitatu hivi, tope husukumwa hadi kwenye shimo la kufyonza, huziba udongo, na maji hububujika uani watoto wanapocheza. Acha nafasi ya lori la kunyonya kufika. Kabla ya kumlipa dereva, muulize atakapomwaga mzigo. Nakuru mjini kuna mitambo ya kusafisha maji taka. Akitaja korongo, tafuta mwingine. Na maji ya kisima, hata yakimetameta, mama ayachemshe.