Land Rover ya zamani au Land Cruiser? Hesabu ya gari la ndoto kabla ya kuvuka mpaka

BUJUMBURA – Mfanyabiashara wa Mutakura, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, anayenunua mpunga na nyanya katika bonde la Imbo huanza na baiskeli, akapanda kwenye pikipiki, kisha akakodi Probox ya mtu kwa siku. Misimu ikimwendea vizuri, mawazo yake huhamia kwenye gari la aina moja: Land Rover au Land Cruiser ya zamani, ya springi za majani, kama ile aliyoiona utotoni ikiwa ya misheni, ya serikali au ya shirika la misaada.

Ndoto hiyo si ya Mutakura peke yake. Oktoba 2024 jiji la Arusha, Tanzania, lilifanya tamasha la Land Rover, na waandaaji walitaka kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Watu waliyatoa magari ya baba zao, wakayapiga rangi na kuyaingiza barabarani. Kwa siku mbili tatu za sherehe, gari la namna hiyo halidaiwi kitu. Kwa mtu anayetaka limrudishie mtaji wake, hesabu ni nyingine.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, hivyo bodi yake ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Ndiyo sababu hadi leo hukuta bodi ya mwaka 1965 haina kutu wakati shasi yake, ambayo ni ya chuma, imeoza. Ubelgiji, iliyokuwa ikitawala Ruanda-Urundi wakati huo, ilikuwa na Land Rover yake: kiwanda cha Minerva mjini Antwerp kilianza kuziunda kwa leseni mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya jeshi lake, zikiwa na bodi ya chuma na mabawa ya mbele yaliyokatwa kishoro. Anayekutana na Minerva leo amekutana na kitu cha makumbusho, wala asifikirie kuipakia magunia.

Kwa Afrika Mashariki gari hili lilikuwa pia la hapa hapa. Kiwanda cha Leyland Kenya kilichoanzishwa Thika mwaka 1974 kiliziunganisha kwa miaka mingi. One Ten ilikuja mwaka 1983, jina la Defender likaongezwa mwaka 1990, na uundaji wa gari hilo la asili ukasimama Solihull tarehe 29 Januari 2016. Defender mpya inayoundwa Slovakia ni gari jingine kabisa. Fundi wa chini ya mwembe hana la kuifanya. Nchini Tanzania neno "difenda" limebaki kuwa jina la gari la polisi, hata pale gari lenyewe lilipo Land Cruiser.

Toyota nayo ilianza na gari lililofanana na Jeep mwaka 1951, jina la Land Cruiser likaja mwaka 1954, na FJ40 ikatoka mwaka 1960. Lakini ile ambayo watu wa Bujumbura, Goma na Kigoma wanaifahamu zaidi ni ya mfululizo wa 70, ulioanza mwaka 1984. Tangu mwaka 1990 wengi waliipata ikiwa na injini ya 1HZ: dizeli ya silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, isiyo na turbo wala kompyuta. Pampu yake ni ya kimakanika. Ikigoma Kayanza, fundi wa Kayanza anaiamsha.

Hapa ndipo ndoto na biashara zinapoanza kutengana. Mtu wa Mutakura anayetafuta spea huteremka Buyenzi, mtaa wa Waswahili ambako gereji na maduka ya vipuri vimebanana. Spea za Land Cruiser na Hilux huko ni bidhaa ya kila siku. Za Land Rover huenda zikabidi kuagizwa Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, na gari likilala siku kumi likisubiri sili ya difu, ni siku kumi bila mzigo. Mpenzi wa Land Rover atajibu kwamba gari lake huvuja oili kwa sababu lina oili. Ni utani mzuri, ila haulipi mkopo.

Upo hata hivyo upande ambao Land Rover inashinda, nao si mdogo kwa Burundi. Injini ya 300Tdi iliyoingia mwaka 1994 ni ya lita 2.5 tu, nayo pia haina kompyuta. Tangu mwaka 2021 Burundi imepitia vipindi virefu vya uhaba wa mafuta, foleni za vituoni zikichukua siku. Injini ya lita 4.2 inayopanda kutoka ziwani, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Bugarama penye zaidi ya mita 2,000, hunywa mazutu bila huruma. Ambaye hana uhakika wa kujaza tangi kila wiki anapaswa kulipima hilo kabla ya kutazama rangi. Na ajihadhari na Td5 ya mwaka 1998 na zilizofuata: kuanzia hapo umeme uliingia ndani ya injini.

Jambo la usukani hupuuzwa sana. Burundi huendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi yanayoingia kutoka Japani na Tanzania yana usukani wa kulia. Kwenye kona za Bugarama dereva huyo hukaa upande wa korongo na haoni lori linalokuja mpaka atoe pua nje. Gari la usukani wa kushoto ni ghali zaidi, lakini lina soko pana siku ya kuliuza. Rwanda ilipiga marufuku kuingiza magari ya usukani wa kulia mwaka 2005. Kwa upande mwingine, Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Maana yake ni kwamba gari la mwaka 1994 likishaingia Bujumbura, wanunuzi wake karibu wote watakuwa hapo hapo au ng'ambo ya Kongo, ambako vita vimeuvuruga mpaka mara nyingi.

Linaloangusha watu zaidi, lakini, si injini wala usukani. Ni makaratasi.

Gari zuri la zamani mara nyingi hutoka kwenye shirika la kimataifa linalofunga ofisi au kubadilisha magari. Limetunzwa, lina daftari la matengenezo, na bei inaonekana ya chini. Iko chini kwa sababu liliingia bila ushuru. Kwa sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, bidhaa iliyosamehewa ushuru ikihamishiwa kwa mtu asiye na msamaha huo, ushuru unadaiwa. Aliyelinunua kwa karatasi ya mauziano peke yake amenunua na deni, na gari linaweza kukamatwa.

Wengine huamini kwamba gari lililokwisha kulipiwa ushuru Tanzania linavuka Kobero bure kwa kuwa Burundi ni mwanachama wa Jumuiya tangu 2007. Sivyo. Gari lililotengenezwa Japani au Uingereza halihesabiwi kuwa bidhaa ya Jumuiya kwa sababu tu limetembea Ngara. Likiingia kukaa, Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR, inalitoza. Likiingia kwa muda na namba za Tanzania, linahitaji kibali cha muda na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, na siku za kibali zikiisha linakuwa gari la magendo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Gari limethaminiwa dola 10,000 hadi kufika mpakani. Ushuru wa forodha wa asilimia 25, ambao ndio wa jedwali la pamoja kwa magari ya abiria, ni dola 2,500. VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla hiyo ya 12,500, nayo ni dola 2,250. Tayari ni 14,750, kabla ya tozo nyingine za sheria ya fedha ya mwaka husika, malipo ya wakala na usajili. Nchi wanachama huweza pia kuomba kutoza viwango tofauti kwa mwaka mmoja, hivyo wakala aulizwe kabla, na kwa maandishi. Ikumbukwe kwamba thamani inayotumika ni ile inayokubaliwa na forodha, na huenda isiwe ile ya stakabadhi ya muuzaji.

Dola zenyewe ni suala zima. Mwaka 2025 dola ya mtaani Bujumbura ilipita mara mbili ya bei rasmi ya benki. Asiye na mgao wa fedha za kigeni akipiga hesabu ya gari kwa bei ya benki, atafika nusu ya safari na fedha zimekwisha.

Kabla ya kutoa hata malipo ya awali, mnunuzi alale chini ya gari na kitambaa na brashi ya chuma. Namba ya shasi, kwa Land Cruiser za mfululizo wa 70 na kwa Defender, imegongwa kwenye shasi upande wa mbele kulia. Isomeke yote, bila dalili ya kuchomelewa, na ilingane na karte roze na karatasi ya forodha. Kisha nakala ya karatasi hiyo ipelekwe OBR kuulizwa kama ushuru ulilipwa, muuzaji akiwepo. Muuzaji asiyekuwa na nafasi ya kwenda siku hiyo aachwe na gari lake.