Kumbe Wabongo ndio waliojaza makombe kule Texas!

JUMAMOSI moja nilikuwa nimeinama kwenye rundo la fulana za mitumba pale Karume, Ilala, nikaibuka na moja ya rangi ya machungwa. Kifuani imeandikwa UTEP Miners, na ile herufi T imechorwa kama sululu. Muuzaji akanidaka haraka: "Hiyo ya mgodi wa Geita hiyo kaka, chukua kwa elfu tatu." Tukavutana, nikaipata kwa elfu mbili na mia tano. Nikaondoka natembea kifua mbele kama mfanyakazi wa dhahabu.

Jioni nikapita kijiweni. Yupo mzee mmoja pale, mwalimu wa michezo mstaafu, kazi yake siku hizi ni bao. Nikampa shikamoo. Badala ya kuitikia akakodoa macho kifuani kwangu.

"We kijana, hiyo fulana unaijua?"

"Ya Geita, mzee."

Alicheka mpaka kete zikamwagika. "Geita gani? Hiyo ni timu ya Nyambui!"

Basi msomaji wangu, wiki hii ninakumegea niliyoyafukua tangu siku ile, maana nimeona aibu peke yangu inatosha.

UTEP ni Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, mji wa mpakani ambako ukivuka mto tu umeingia Mexico. Kilianza mwaka 1914 kama shule ya kufundisha uchimbaji madini, ndiyo maana timu zake zote zinaitwa Miners, wachimba madini. Kwa hiyo yule muuzaji wangu hakuwa mbali sana na ukweli, alikosea bara tu.

Sasa wewe unaweza kusema chuo ni chuo, mashabiki wa nini? Hapo ndipo wenzetu wanapotuacha. Kule Marekani chuo kikubwa kina idara nzima ya michezo, na hiyo idara inaendeshwa kama klabu. Ina makocha wa kulipwa, ina watu wa kuuza tiketi, ina wafadhili, na ina ofisi ambayo kazi yake ni kuwapa mashabiki habari: nani kaumia, nani kasajiliwa, nani kavunja rekodi ya chuo, mechi ijayo ni lini. El Paso haina timu ya ligi kubwa ya kikapu ya NBA wala ya ule mpira wao wa kubeba mikononi. Hivyo muuza duka, dereva na bibi kizee, ambao hawakusoma pale hata siku moja, wote wanavaa machungwa. Uwanja wao wa Sun Bowl, uliofunguliwa mwaka 1963, unaingiza makumi ya maelfu ya watu. Uwanja wa chuo huo, jamani!

Jambo wanalojivunia zaidi ni kikapu cha mwaka 1966. Wakati ule kiliitwa Texas Western, na kocha Don Haskins alianzisha fainali ya taifa kwa wachezaji watano, wote weusi. Wakaifunga Kentucky 72 kwa 65, timu iliyokuwa na wachezaji weupe watupu. Filamu imetengenezwa, ukumbi umepewa jina la kocha. Sawa, wanastahili.

Lakini nilipopiga hesabu ya makombe nikashtuka. Chuo kinajihesabia ubingwa wa taifa mara 21. Kikapu ni mara moja, ile ile ya 1966. Yote 20 yaliyobaki ni ya riadha: saba ya mbio za nyika, saba ya mashindano ya ndani ya ukumbi, sita ya uwanjani. Na katika hayo 20, yaliyopatikana kati ya 1979 na 1982 peke yake ni 10. Hapo ndipo wanapoingia watu wetu.

Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita huko Musoma, alishinda mita 10,000 za vyuo vya Marekani mwaka 1979, akarudia 1980, 1981 na 1982. Mara nne mfululizo! Mbio za nyika za 1980 nazo akachukua yeye. Mwaka 1983 ubingwa huo wa nyika ukaenda kwa Mtanzania mwingine wa chuo hicho hicho, Zakaria Barie. Na alikuwepo Gidamis Shahanga, yule aliyekuwa amewashangaza watu Edmonton mwaka 1978 kwa kushinda marathoni ya Jumuiya ya Madola. Michezo hiyo ilipofika Brisbane mwaka 1982, Shahanga akawa wa kwanza mita 10,000 na Barie wa pili, wakiachana chini ya nusu sekunde.

Hawakuwa peke yao. Walikuwepo Wakenya, kina Michael Musyoki, na Mathews Motshwarateu wa Afrika Kusini. Mwaka 1981 kikosi hicho kilimaliza mbio za nyika za taifa kwa pointi 17. Kwa asiyejua, wanajumlisha nafasi za wakimbiaji watano wa kwanza wa kila timu, mwenye pointi chache ndiye bingwa. Ukishika nafasi ya kwanza mpaka ya tano unapata 15, na chini ya hapo haiwezekani. Wao 17. Wengine wote walikuwa kama wameenda kuwasindikiza.

Kelele zikazuka, bila shaka. Makocha wa vyuo vingine wakalalamika kwamba hawa Waafrika ni watu wazima wanashindanishwa na vijana wadogo. Na kweli Nyambui kazaliwa 1953, mwaka 1982 alikuwa na miaka 29. Lakini mimi nauliza, nani aliyewaita? Ni hao hao waliokuwa wanatafuta makombe.

Kituko kingine ni cha mwaka 1980. Marekani iligomea Olimpiki ya Moscow, na Kenya pia ikagoma. Tanzania ikaenda. Kwa hiyo mwanafunzi wa chuo cha Texas akapanda ndege kwenda Moscow wakati Wamarekani wenyewe wamebaki makwao! Alirudi na medali ya fedha ya mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Filbert Bayi naye akachukua ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Hadi Olimpiki ya Paris 2024, nchi yetu haijapata medali nyingine ya Olimpiki zaidi ya hizo mbili.

Ndiyo maana nilichukia. Nawajua mpaka wachezaji wa akiba wa timu za Uingereza, nawajua na wake zao. Nyambui, ambaye baadaye alishinda Berlin Marathon mara mbili, 1987 na 1988, halafu akaja kuwa Katibu Mkuu wa chama chetu cha riadha, mimi nilikuwa nalisikia jina tu.

Kwa nyie wenye mbio mnaoota kwenda majuu, mambo yamebadilika. Enzi zile mwanariadha alipata karo, chumba, chakula na vitabu, basi. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo, na Juni 2025 mahakama ikaidhinisha vyuo vyenyewe kuwalipa, kila chuo hadi dola milioni 20.5 hivi kwa mwaka wa kwanza. Tatizo ni mbili. Fedha nyingi zinakwenda kwenye mpira wao na kikapu, mkimbiaji anaokota makombo. Halafu viza ya mwanafunzi inabana sana kazi za kulipwa, kwa hiyo Mmarekani anatangaza viatu, wewe unamtazama. Uliza hilo kabla ya kusaini chochote, na uliza kwa maandishi.

UTEP wenyewe bado wanachota Afrika Mashariki. Mkenya Emmanuel Korir alishinda mita 800 za vyuo mwaka 2017, ndani na nje, akifundishwa na Paul Ereng, Mkenya mwenzake aliyekuwa bingwa wa Olimpiki 1988. Miaka minne baadaye Korir naye akawa bingwa wa Olimpiki kule Tokyo. Mtanzania wa kushika kijiti cha Barie ndiyo bado namtafuta.

Wiki iliyopita nilirudi Karume kumsimulia yule muuzaji habari zote hizi. Alisikiliza kwa makini, akauliza jina mara mbili: "Nyambui, eh?" Akavuta fulana nyingine ya machungwa kutoka chini ya rundo, akaikung'uta vizuri na kuitundika juu kabisa.

"Hii sasa elfu nane," akasema.