Kumdhibiti Bweha Bila Kutega Nyaya: Yanayowahusu Wafugaji wa Tarime na Serengeti

Wafugaji wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, katika wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, wanaishi jirani na bweha na fisi. Mbuzi anapopotea usiku, jambo la kwanza linalowajia baadhi yao ni kutega waya. Njia hiyo ni rahisi, lakini hasara yake ni kubwa kuliko ya mbuzi mmoja.

Kitanzi cha waya, ambao mara nyingi huchunwa kutoka katika matairi chakavu, hufungwa kwenye mti au kichaka kando ya njia ya wanyama. Mnyama akipitisha shingo au mguu, kadiri anavyovuta ndivyo kinavyombana. Kitanzi hakichagui. Kilichokusudiwa bweha kinaweza kumnasa swala, mbwa wa jirani au ndama wa mtegaji mwenyewe, na simba na tembo huonekana wakiwa na majeraha ya nyaya zilizotegwa kwa ajili ya nyumbu. Tangu mwaka 2017, vikosi maalumu vimekuwa vikitembea kwa miguu ndani ya Hifadhi kuondoa nyaya hizo. Miongoni mwa waliomo ni watu waliowahi kuwa majangili, na hilo si ajabu: aliyewahi kutega ndiye anayejua mahali pa kutazama.

Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Sura ya 283, kutega mnyamapori bila kibali ni kosa. Sheria hiyo inamruhusu mwananchi kumuua mnyama ili kuokoa maisha, mifugo au mali, lakini lazima atoe taarifa ya tukio hilo. Mzoga wake ni nyara ya Serikali. Kubaki na ngozi au nyama yake ni kosa jingine.

Ikumbukwe pia kuwa bweha anakula zaidi panya, wadudu na mizoga. Kwa zizi, hatari yake ni kwa watoto wa mbuzi na kondoo; mbuzi mkubwa aliyeraruliwa usiku huenda ni kazi ya fisi. Kwa hiyo nyayo zichunguzwe kabla ya kumtaja mhusika. Bweha huchimba na kupenya, hivyo miiba iliyorundikwa bila kuzibwa chini haimzuii. Ua wa wavu wa chuma uliofukiwa ardhini, banda la watoto wa mbuzi lenye paa, mifugo kurejeshwa kabla ya giza na mizoga kufukiwa hupunguza sana hasara. Sumu isitumike kamwe, kwani huua tai na mbwa pia.

Bweha anayezurura mchana bila woga asikaribiwe, kwa kuwa huenda ana kichaa cha mbwa. Tafiti zilizofanyika Wilaya ya Serengeti zimeonesha kuwa chanzo kikuu cha ugonjwa huo ni mbwa wa kufugwa, hivyo chanjo ya mbwa humlinda binadamu na mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo.

Kuhusu malipo, kanuni za mwaka 2011 zinaweka kifuta jasho kwa madhara ya wanyama waliotajwa kuwa hatari, kama simba na tembo. Hiyo si fidia ya thamani kamili ya mfugo. Mwathirika atoe taarifa mapema kwa Ofisa Mtendaji wa Kijiji, na mzoga na nyayo zisiguswe hadi Ofisa Wanyamapori wa Wilaya atakapofika kukagua.